Usahihi wa M1A: Kipi Kirekebishwe Kwanza na Kipi Kiachwe

M1A ni bunduki ya raia iliyotokana na M14, silaha ambayo jeshi la Marekani liliipokea rasmi mwaka 1957 na ambayo utengenezaji wake wa kijeshi ulikoma mwaka 1964. Inatumia risasi ya .308 Winchester, ndugu wa karibu wa 7.62×51 ya NATO, inajijaza yenyewe kwa nguvu ya gesi, na hutoa risasi moja tu kila kifyatulio kinapovutwa. Anayeinunua mpya na kuijaribu uwanjani kwa risasi za bei nafuu kwa kawaida hupata makundi ya dakika tatu au nne za pembe (kipimo cha mtawanyiko wa risasi kwenye shabaha, nitakachokieleza hapa chini), hukunja uso, kisha hukimbilia dukani kutafuta darubini. Mwongozo huu umeandikwa ili asianzie huko.

Kinachopaswa kueleweka kabla ya kununua chochote ni kwamba katika bunduki hii karibu kila tatizo la usahihi ni moja kati ya mawili: kuna kipande kinachocheza mahali ambapo hakitakiwi kucheza, au kuna kipande kinachogusa mahali ambapo hakitakiwi kugusa. Katika bunduki za familia ya AR-10, ambazo nazo hujijaza zenyewe, ni rahisi kuuacha mtutu uning'inie huru, umeshikwa nyuma tu. Mtutu wa M1A hauwezi kupata uhuru huo, kwa sababu umebebeshwa silinda ya gesi, bendi ya mbele inayoingia kwenye ncha ya kitako (yaani mbao nzima inayobeba chuma), kiongozi cha fimbo endeshi (ile inayosukumwa na gesi kurudisha bolti nyuma), kikinga-mkono cha juu, na mwishoni kizima-mwali chenye kilengeo cha mbele. Kila risasi inapopita, mtutu hutikisika, na kila kimojawapo cha vitu hivyo kina nafasi ya kuubadilishia mtikisiko wake. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba mtikisiko huo, ambao hauwezi kuondolewa, unakuwa uleule kila mara.

Kuhusu sheria, nitasema machache. Uingereza ilipiga marufuku raia kumiliki bunduki kubwa zinazojijaza zenyewe mwaka 1988, na Kanada iliijumuisha familia ya M14 katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku Mei 2020. Kenya nayo hairuhusu raia kumiliki bunduki za kijeshi za namna hii. Kwa hiyo yanayofuata yanamhusu mwenye kuimiliki kihalali, hasa nchini Marekani, na hata huko majimbo yanatofautiana: California, kwa mfano, haikubali kizima-mwali kwenye bunduki ya aina hii yenye magazini ya kuchomoa, ndiyo maana M1A zinazouzwa huko huja na kipunguza-mshindo mahali pake. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kubadilisha sehemu yoyote.

Pima kwanza

Dakika moja ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii, na kwa umbali wa mita 100 ni takriban sentimita 2.9. Bunduki yenye kundi la dakika mbili itatawanya risasi zake ndani ya karibu sentimita 5.8 kwa mita 100, na ndani ya mara sita ya kipimo hicho kwa mita 600, hata kabla upepo na makosa ya mpigaji hayajaongezwa.

Je, dakika ngapi zinatosha? Jibu linategemea kazi. M1A imepata heshima yake kubwa katika mashindano ya bunduki za kijeshi, ambayo kilele chake ni Mashindano ya Taifa ya Camp Perry, Ohio, kando ya Ziwa Erie, yanayofanyika huko tangu mwaka 1907. Mzunguko wa kawaida una risasi 50: kumi za taratibu ukiwa umesimama yadi 200, kumi za haraka ukiwa umekaa yadi hizohizo, kumi za haraka ukiwa umelala yadi 300, na ishirini za taratibu ukiwa umelala yadi 600. Duara la kumi la shabaha ya yadi 600 lina kipenyo cha inchi 12, yaani karibu sentimita 30, ambayo ni pungufu kidogo ya dakika mbili. Duara la ndani yake, lenye alama ya X, ni nusu ya hapo. Bunduki ya dakika nne haiwezi kushika duara la kumi hata mikononi mwa bingwa. Bunduki ya dakika moja na nusu inaweza, na kufikia kiwango hicho kwa M1A iliyotengenezwa vizuri si muujiza. Anayetaka nusu dakika kila siku ameichagua silaha isiyo yake, na angefanya vyema kununua bunduki ya bolti ya kuvuta kwa mkono badala ya kumwaga fedha hapa.

Upimaji wenyewe ufanywe kwa uangalifu. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mfuko wa mbele ukae mahali palepale chini ya kitako kila mara, na kamwe usiuegemeze mtutu wenyewe. Piga makundi ya risasi kumi, si ya risasi tatu. Kundi la risasi tatu hudanganya sana, kwa kuwa bunduki mbovu inaweza kubahatisha risasi tatu zikagusana, na watu wengi wameuza mitutu mizuri au kuhifadhi mibaya kwa sababu ya picha moja ya risasi tatu. Makundi mawili au matatu ya risasi kumi kila moja yatakupa ukweli. Andika umbali, aina ya risasi, joto la siku, na kama mtutu ulikuwa wa baridi au wa moto. Angalia pia umbo la kundi. Likiwa limepanda na kushuka kwa mstari, mashaka yaelekee kwenye kikinga-mkono, bendi ya mbele au risasi zenye kasi isiyolingana. Likiwa limegawanyika makundi mawili madogo yaliyo mazuri kila moja, kuna kitu kinachohamahama kati ya mahali pawili, na mara nyingi ni chuma ndani ya kitako au kilengeo kilicholegea.

Risasi ni sehemu ya bunduki

Badiliko la kwanza, na lenye faida kubwa kuliko fedha yake, ni risasi. Risasi za kawaida za kijeshi zenye kichwa cha gramu 9.5 hutengenezwa kwa wingi na kwa ajili ya vita. Kuzitumia kupima usahihi ni kuionea bunduki. Nunua boksi kadhaa za risasi za mashindano zenye kichwa cha greni 168, yaani karibu gramu 10.9, kwa mfano Federal Gold Medal Match yenye kichwa cha Sierra MatchKing, na ile ya greni 175. Ya kwanza ni nzuri sana hadi yadi 600. Ya pili hushika mwendo wake vizuri zaidi mbali, na ndiyo uzito uliochaguliwa na jeshi kwa risasi yake ya walenga shabaha, M118LR. Wako waliogundua kuwa bunduki yao ya dakika tatu na nusu ilikuwa ya dakika moja na robo tatu tangu siku ilipotoka kiwandani.

Anayejaza risasi zake mwenyewe azingatie kwamba mfumo wa gesi wa M14 ulipangwa kwa baruti ya mwako wa wastani, kama vile IMR 4895 au IMR 4064. Baruti ya polepole huacha shinikizo kubwa kwenye tundu la gesi wakati risasi inapolipita, na fimbo endeshi hurushwa nyuma kwa nguvu isiyo yake hadi ipinde. Fimbo iliyopinda haionekani kwa macho haraka. Huonekana kwenye shabaha.

Hapa pana jambo la usalama lisilopaswa kupuuzwa. Pini ya kupigia ya M1A, kama ya mzazi wake M1 Garand, haina springi ya kuirudisha, na bolti, kipande kinachofunga chemba, inapofunga, pini hiyo huigusa kidogo fataki, yaani kiwashio kilicho nyuma ya ganda la risasi. Fataki laini, au iliyokaa juu ya usawa wa ganda, inaweza kulipuka bolti ikiwa haijafunga sawasawa, na matokeo yake ni bunduki iliyopasuka na uso ulioumia. Tumia fataki ngumu za kijeshi, kama CCI namba 34, zizamishe chini kidogo ya usawa wa kitako cha ganda, na pitisha kidole juu ya kila moja kabla ya kuifungia. Usitumbukize risasi moja ndani ya chemba kwa mkono kisha ukaiachia bolti ijigonge. Ilishe kupitia magazini, ambamo msuguano hupunguza kasi ya bolti.

Ukaguzi wa kile ulicho nacho

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha chemba ni tupu, toa magazini, angalia tena kwa jicho na kwa kidole, kisha anza ukaguzi.

Kwanza pistoni ya gesi. Vuta fimbo endeshi nyuma uishikilie huko, kisha inamisha bunduki mbele na nyuma taratibu. Utasikia pistoni ikiteleza ndani ya silinda na kugonga mlio mdogo wa chuma kila upande. Mlio ukiwa safi, pistoni iko huru. Ikiwa kimya au ikikwama, fungua kifuniko cha mbele cha silinda, toa pistoni, safisha kaboni kwa kiyeyushi na kitambaa, kausha kabisa, na urudishe bila tone la mafuta. Mafuta ndani ya silinda hugeuka lami ngumu baada ya risasi chache. Pistoni isiguswe kwa msasa, kwa kuwa ukubwa wake ndio unaopima gesi. Kifuniko kikazwe kwa spana ya torki kwa kiasi kilekile kila mara, kwa sababu mkazo wake hubadilisha mkao wa silinda, na silinda imekaa juu ya mtutu.

Pili, shika kizima-mwali na ukijaribu kukitikisa. Kikicheza hata kidogo, kilengeo cha mbele kinacheza nacho, na hakuna mpigaji awezaye kulipia kosa hilo. Nati yake ikazwe kwa zana yake maalumu, na skrubu ya kuzuia irudishwe. Halafu fimbo ya kupimia mnyoofu ipitishwe ndani ya mtutu, uone kama inatoka katikati ya tundu la kizima-mwali. Kichwa cha risasi kikipitia karibu mno na ukingo mmoja, gesi itakisukuma upande. Katika bunduki za mashindano tundu hilo hupanuliwa kwa zana maalumu, na ni kazi ya bei ndogo kwa fundi aliye nayo.

Tatu, kikinga-mkono cha juu. Pitisha karatasi nyembamba kati yake na kingo za kitako pande zote mbili. Inapokwama, ndipo kinapogusa, na hapo kitako kichongwe kidogo hadi karatasi ipite kwa uhuru. Kikinga-mkono chenyewe kisiwe na mchezo juu ya mtutu. Mafundi wengi hukigandisha kwa silikoni kidogo kwenye vishikio vyake. Hiki ni kirekebisho ambacho hakigharimu chochote isipokuwa jioni moja, na bado ndicho watu wanachokiruka.

Mwisho, kiongozi cha fimbo endeshi kilichofungwa chini ya mtutu kisizunguke wala kutikisika. Kikilegea, fimbo huenda kwa njia tofauti kila risasi na kuuvuta mtutu pamoja nayo. Ukiwa hapo, weka mwongozo wa springi wa aina ya mashindano, ule wa duara uliosuguliwa ukang'aa, badala ya ule wa kawaida wa bapa. Springi haitajikunja ovyo ndani ya fimbo, na mwendo wake utakuwa laini.

Mfumo wa gesi uunganishwe

Katika bunduki ya kawaida silinda ya gesi na bendi ya mbele ni vipande viwili vilivyosimama pamoja kwa mkazo tu. Mtutu unapopata moto, vipande hivyo huhama kidogo, na kwa kuwa bendi ndiyo inayokutana na kitako, mvuto wake juu ya mtutu hubadilika katikati ya mashindano. Dawa yake ni kuviunganisha kuwa kitu kimoja, ama kwa kuvichomea pamoja kama walivyofanya mafundi wa jeshi katika M14 za mashindano, ama kwa skrubu mbili. Njia zote mbili hufanya kazi. Kuchomea kunahitaji mtu anayejua kuzuia joto lisiipinde silinda, kwa hiyo nunua mfumo uliokwisha kuunganishwa kama fundi wa karibu nawe hajawahi kufanya kazi hiyo. Ukishaufunga, hakikisha silinda haiendi mbele na nyuma juu ya mtutu. Vipete vyembamba vya chuma nyuma ya silinda huondoa mchezo uliobaki. Rudia mtihani wa pistoni.

Kitako na ulalo wa epoksi

Hapa ndipo usahihi mkubwa ulipo, na ndipo pia bunduki nyingi huharibiwa na haraka. Chuma cha M1A hakifungwi kwenye kitako kwa skrubu. Kundi zima la kifyatulio huingizwa kutoka chini, na kinga yake ya kidole inapozungushwa na kufungwa, huivuta risiva, yaani mwili wa chuma unaobeba bolti, chini na kuibana kwenye mbao. Kama kitako kimechakaa, kinga hiyo hufunga kwa kidole kimoja bila upinzani, na chuma hucheza kila risasi. Kitako kinachofaa humlazimu mtu kubonyeza kwa kiganja katika sehemu ya mwisho ya safari. Jaribu: ikiwa inafunga bila kazi, usijadili tena mtutu wala darubini, nenda kwenye kitako.

Jambo la pili ni mvuto wa mbele. Bendi ya mbele ina ulimi mdogo unaoingia chini ya kofia ya chuma kwenye ncha ya kitako. Unapoingiza ulimi huo kwanza na kuilaza risiva nyuma bila kundi la kifyatulio, sehemu ya nyuma ya risiva inapaswa kubaki imeinuka kidogo, na ukiibonyeza ikae, uone mtutu ukivutwa chini. Mvuto huo wa daima ndio unaotuliza mtutu. Bendi iguse kofia kwa ulimi wa chini tu. Ikigusa ubavuni, sugua kofia kidogo kwa tupa hadi iwe huru.

Kulaza chuma kwenye epoksi maana yake ni kutengeneza kitanda chenye umbo kamili la risiva, ili kila ikifungwa ikae palepale, badala ya kuyumba kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Kwa kawaida hutumika epoksi nene yenye unga wa chuma au ile ya majini, kama Marine-Tex. Kitako kioshwe ndani kwa asetoni mpaka mafuta yote yatoke, kisha mbao ichongwe karibu milimita tatu pale ambapo epoksi itakaa, yaani kando ya miguu ya risiva, kisigino chake, na nyuso mbili za chini ambazo kundi la kifyatulio hubana dhidi yake. Usichonge kote kwa mara moja. Acha sehemu ndogo za mbao ya asili zishikilie kimo sahihi, la sivyo chuma kitazama mno na mvuto wa mbele utapotea. Matundu yote ya risiva yazibwe kwa udongo wa kufinyangia, na chuma chote, pamoja na kundi la kifyatulio, kipakwe dawa ya kuzuia kunata mara mbili, kila mara ikikauka. Nimesema chote: tone moja la epoksi lililofika kwenye tundu lisilozibwa litafanya chuma na mbao viwe kitu kimoja milele.

Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, paka kwa kijiti bila kuacha mapovu, ingiza chuma kwa kutanguliza ulimi wa bendi, funga kinga ya kifyatulio, futa kinachomwagika kwa pamba yenye siki kabla hakijaganda, na uiache bunduki imesimama wima ndani ya jiliwa lenye kitambaa kwa saa 24. Kuitoa kunahitaji kugonga kwa nyundo ya mpira kwa subira. Ukiona uso wa epoksi umejaa, unang'aa, na unaonyesha hata alama za tupa zilizo kwenye risiva, kazi ni njema. Mapovu madogo hujazwa kwa tabaka jembamba la pili. Mapovu makubwa chini ya kisigino yanadai kazi irudiwe.

Baada ya hapo usiitoe bunduki kwenye kitako kila unapoisafisha. Kila kutoa huparua kitanda kidogo, na mpigaji wa mashindano huitoa mara moja au mbili kwa msimu. Kitako cha fiberglasi, kama vile vya McMillan, kina faida kubwa hapa kwa sababu hakivimbi kwa unyevu kama mjozi, ingawa nacho huhitaji kulazwa. Risiva zenye ulimi wa ziada nyuma, zinazopatikana katika M1A za daraja la Super Match, hukaa imara zaidi kwa kuwa ulimi huo hufungwa kwa skrubu. Lakini kuzinunua kwa ajili hiyo kabla ya kujifunza kupiga ni ubadhirifu.

Vilengeo

Vilengeo vya chuma vya M14 ni miongoni mwa vizuri kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa kwenye bunduki ya kijeshi, na umbali kati ya cha mbele na cha nyuma ni takriban sentimita 68, jambo linalopunguza kosa la jicho. Toleo la mashindano hubadilisha mambo matatu: kilengeo cha mbele huwa chembamba, upana wake ukiwa inchi 0.062, yaani karibu milimita 1.6, tundu la nyuma hupata kofia ndogo inayoweza kugeuzwa kwa nusu dakika ya juu au chini, na kila mlio wa kitufe cha upande huhamisha nusu dakika badala ya dakika nzima. Kagua kama kilengeo cha nyuma kinashuka chenyewe kwa mshindo wa risasi. Kipandishe milio kumi, piga risasi tano, kishushe ukihesabu. Ikiwa hesabu haikubaliani, nati ya katikati ya kitufe cha upande imelegea au sahani iliyo chini imechoka.

Kifyatulio

Kifyatulio cha M1A kina hatua mbili, na kwa mashindano ya bunduki za kijeshi hakiruhusiwi kuwa chepesi kuliko ratili nne na nusu, ambazo ni kilo 2.04. Usikisugue mwenyewe. Ndoano zake mbili zikipunguzwa kwa pembe isiyo sahihi, bunduki inaweza kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja, jambo ambalo ni hatari kwa kila aliye uwanjani na ambalo sheria ya Marekani inaweza kulitazama kama kumiliki bunduki ya rashasha. Mpelekee fundi mwenye leseni, mwambie uzito unaoutaka, na ukirudishiwa ujaribu kwanza kwa risasi mbili tu ndani ya magazini.

Mtutu

Mtutu wa M14 wa kijeshi ulikuwa na mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, yenye msokoto mmoja kwa kila inchi 12, uliofaa risasi nyepesi. Kwa vichwa vya greni 168 na 175 msokoto wa inchi 11 au 10 ni bora, na mitutu ya mashindano ya uzito wa kati huja hivyo. Mtutu mzito sana haunivutii kwa bunduki ya kupigia ukiwa umesimama: hupoteza mizani, na faida yake juu ya ule wa kati ni ndogo mno kwa risasi kumi za haraka. Anayefunga mtutu apime nafasi ya kichwa cha chemba, yaani umbali kati ya bolti iliyofungwa na mahali ganda linapozuiliwa chembani, kwa vipimo vya .308, ambavyo huanzia inchi 1.630, na ahakikishe ndimi zote mbili za bolti zinabeba mzigo sawa. Ulimi mmoja ukibeba peke yake, bolti huinama kila risasi na hakuna mtutu utakaoficha hilo. Angalia pia ukingo wa mdomo wa mtutu. Mkwaruzo unaoweza kuuhisi kwa pamba ya masikio tayari ni mkubwa.

Darubini na viunzi vya kisasa

Sasa darubini. Risiva ya M14 haikusanifiwa kuibeba. Ina tundu moja la skrubu na mfereji ubavuni, basi. Kiungio cha bei nafuu hulegea ndani ya magazini chache, na mwenye bunduki hubaki akilaumu mtutu. Nunua kile kinachokaa katika sehemu tatu, ubavuni kwenye skrubu na mfereji pamoja na juu mahali pa kiongozi cha klipu ya kujazia risasi, au usinunue kabisa. Hata kikiwa kizuri, darubini hukaa juu sana, na shavu lisilogusa kitako hupoteza usahihi wote ulioupata kwenye epoksi. Weka mto wa shavu uliokazwa, si wa kufungia kwa kamba inayoteleza. Tangu mwaka 2016 mashindano ya bunduki za kijeshi chini ya CMP (Civilian Marksmanship Program, shirika la Marekani linaloyasimamia) yanakubali darubini isiyozidi ukuzaji wa mara 4.5, lakini wengi wanaoitumia hupiga kwa familia ya AR-15, iliyoishinda M1A kwenye mistari hiyo tangu miaka ya 1990.

Viunzi vya alumini, vya namna ile iliyotumika katika Mk 14 EBR, toleo la kijeshi la M14 lililofanywa la kisasa, huondoa haja ya epoksi na hushika darubini vizuri. Pia vinaigeuza bunduki ya kilo nne na ushee kuwa mzigo. Kwa anayepiga akiwa amelala juu ya mguu-pacha ni chaguo la haki. Kwa wengine, kitako kilicholazwa vizuri huleta matokeo yaleyale kwa bei ndogo na bila kuumiza bega la kuubebea.

Kusafisha bila kuharibu ulichojenga

M1A haifunguki nyuma kama bunduki ya bolti, kwa hiyo ufito wa kusafishia huingia kwa mdomoni, na mitutu mingi imekufa kwa ufito kuliko kwa risasi. Tumia ufito wa kipande kimoja pamoja na kiongozi cha shaba kinachokaa kwenye kizima-mwali, ili chuma kisisugue ukingo wa mdomo. Igeuze bunduki juu chini wakati wote, vilengeo vikielekea sakafuni, ili kiyeyushi kisitiririke kuingia kwenye tundu la gesi au kushuka hadi kwenye epoksi na kuilainisha. Chemba isafishwe kwa brashi yake iliyopinda. Kisha grisi, si mafuta: kidogo nyuma ya ndimi za bolti, kwenye gurudumu lake, kwenye mfereji wa fimbo endeshi ubavuni mwa risiva, na mahali fimbo inapogusa chini ya mtutu. Pistoni ibaki kavu.

Baada ya kusafisha, risasi tatu hadi tano za kwanza mara nyingi hutua mbali kidogo na kundi lako la kawaida, kwa hiyo zipige kwenye kifusi kabla ya kuanza kuhesabu alama, na usirekebishe kilengeo mpaka ya sita.